Glavu ya Kushoto

...na hapo wamefika mwisho wa mstari, na ndivyo dansi hizi zilivyo, ukifika mwisho unasimama nje mzunguko mmoja wa wimbo, wewe na mwenzako, mnawatazama wengine wakipeana mikono na kuzungukana, kisha mnabadilishana upande na kuingia tena, na Glenda huipenda zamu hii ya kusimama kuliko dansi yenyewe, magoti yanapata kupumua, kwapa za gauni zinaacha kumkwaruza, na isitoshe vitabuni mambo yote makubwa hutokea hapa hapa, mwishoni mwa mstari, wengine wakiwa wanarukaruka, hapa ndipo Bwana Garrow alipomnong'oneza Araminta kwamba yeye hana kivuli, alikipoteza kwenye karata, na Araminta akajibu bila hata kumgeukia, nami nilidhani ni mishumaa tu haitoshi, ah, maneno yale, Glenda aliyasoma jikoni amesimama, viazi vikaungua, akacheka peke yake kama mwehu na akala viazi vyake vyeusi bila kinyongo... "Wifi, hivi unacheza na mimi au unacheza na hewa?" Huyo ni Beryl, dada wa marehemu mumewe, kavaa kizibao cha kiume na utepe wa kijani mkononi, kwa sababu wanaume hawatoshi, hawajawahi kutosha tangu dansi hizi zianze, na mwanamke anayekubali kucheza upande wa wanaume hufungwa utepe, na Beryl hufungwa utepe kila Jumamosi na kila Jumamosi hulalamika, lakini ole wake atakayejaribu kuufungua. "Mkono nimekuletea hapa, wewe umekwenda kushika kule." "Umeuleta umechelewa." "Mimi nichelewe! Kaka yangu aliniambia, huyu mwanamke hakubali kosa hata umfunge kamba." "Na mimi kaka yako aliniambia mengi juu yako, wifi, shukuru Mungu nina adabu." Beryl anachekea puani, kile kicheko chake cha kuzima mshumaa, na Glenda anacheka pia, anashukuru kwamba limepita kwenye mzaha, maana mkono ule hakuuona, huo ndio ukweli, kizibao alikiona, mabomba ya joto ukutani aliyaona, na mvua kwenye madirisha ya ukumbi wa kanisa, na birika kubwa la chai likitoa moshi kule pembeni, lakini pale katikati, pale mkono wa Beryl ulipokuwa, pana doa, kama mtu amepitisha kidole chenye siagi kwenye kioo, na kila anachokitazama ndicho hasa kinachoingia humo.

Halitaondoka, alisema daktari wa macho, msichana mpole mwenye pete ya uchumba mpyaaa, huenda likatulia, huenda likakua kidogo, hutapofuka kabisa Bi Sugden, utaona kando kando, utatembea, utapika, na Glenda akauliza, na kusoma? na msichana yule akaanza kupanga karatasi zake, na Glenda akamwonea huruma, akamwambia usijali mwanangu, nimeshasoma vya kutosha... uongo mtupu, hakuna mtu aliyewahi kusoma vya kutosha, na zaidi ya hapo kitabu cha saba kilikuwa hakijatoka, cha mwisho, kile ambacho yeye na nusu ya wanawake wa bonde hili wamekingoja miaka mitatu, cha saba cha *Mabibi wa Pendlecote*, na kilipotoka alikwenda kukichukua asubuhi na mapema, akakileta nyumbani kifuani kama mtoto, akaandaa chai, akakaa, akafungua, akaona Aramin, halafu siagi, halafu nda, halafu siagi, alileta taa, alileta kioo cha kukuzia maandishi cha Malcolm, marehemu mumewe, ukurasa mmoja ukamlia asubuhi nzima na kichwa kikamuuma mpaka jioni, na alipofika chini alikuwa amesahau ulianzaje. Kusikiliza kitabu kikisomwa kwenye simu alijaribu, msomaji kijana mmoja wa kule kusini, sauti ya kutangaza dawa ya meno, akimfanya Araminta aongee kama mtoto aliyenyang'anywa peremende, Araminta! mwanamke aliyegandisha ziwa zima kwa kidole kimoja ili asicheze dansi na balozi, Glenda akazima, afadhali kukosa.

Lakini hajamwambia mtu, na hatamwambia, amejikaza hivyo hivyo, kwa sababu anakumbuka Enid, masikini Enid Clegg wa kikundi chao cha vitabu, alipoanza kutosikia walimwambia njoo tu mpenzi, njoo ukae nasi, na wote walikuwa wakweli kabisa, na Enid akaja, akakaa, akitabasamu pale ambapo hapakuwa na kitu cha kuchekesha, halafu akaanza kuosha vikombe ili awe na shughuli, halafu akawa anakuja kuosha vikombe tu, halafu hakuja, na hakuna aliyemfukuza, ndivyo mtu anavyotoka kwenye kitu hapa kwetu, bila mlango kufungwa, bila neno baya, na kikundi hiki ni cha Glenda, yeye ndiye aliyebandika tangazo maktaba, baada ya Malcolm kufariki, aliposhindwa kukaa nyumbani Jumanne nzima na saa ya ukutani, akaja Pauline wa duka la dawa, akaja Enid, wakaja wengine, na Beryl akaja kwa ajili ya keki ya tangawizi, akitangaza mlangoni kwamba yeye vitabu vya masuria na mashetani hasomi, na sasa Beryl huyo huyo ndiye anayejua ukurasa gani farasi wa Bwana Garrow ni mweusi na ukurasa gani mwandishi amesahau akamfanya wa kijivu... "Tazama Pauline anavyozungusha watu kama anachota maji kisimani," anasema Beryl, na Glenda anasema, "Mwache, ana furaha," na anatazama pembeni kidogo ya Pauline ili amwone, ndivyo alivyojifunza, kumtazama mtu kwa kutomtazama, na kweli Pauline ana furaha, gauni la kiuno cha juu la rangi ya chungwa, jasho mpaka shingoni, na wote wana furaha, wanawake wazima wamevaa magauni waliyojishonea, ya enzi zile za mfalme aliyeugua akili na mwanawe akamshikia kiti, Jumamosi mchana, Novemba, mvua, na yote haya kwa sababu ya hadithi ya watu ambao hawakuwahi kuwepo, Mungu ambariki yule mwandishi popote alipo, Glenda husema hivyo kila siku anapopanguza rafu ya vitabu, ambariki na ampe mgongo mzima na kiti kizuri.

Maana yote yalianza na paa. Malcolm alikuwa amelazwa, mapafu, vumbi la mawe la miaka yote ile ya kuezeka nyumba za watu kwa vigae vya mawe, na pale chini hospitalini kulikuwa na meza ya wale wa kujitolea, soksi, peremende, vitabu vilivyotumika, Glenda akanunua kimoja bila kukitazama ili tu arudi wodini na kitu mkononi, na Malcolm akakichukua, akaitazama picha ya jalada, jumba kubwa la mawe, msichana mwenye glavu, mwezi, akaitazama kwa muda mrefu kama fundi, akasema, "Paa hilo litavuja," "Wapi?" "Hapo kwenye kona, vigae wamevilaza vibaya, litavuja wakifika Oktoba, soma tuone," na Glenda akasoma, akidhani watafika ukurasa wa kumi wachoke, wakafika mwisho, paa halikuvuja, Malcolm akasema huyu mwandishi hajui kitu, nenda kaulize kama wana cha pili. Akasoma cha pili. Akasoma cha tatu. Majira yale yote ya baridi, mchana, kiti cha plastiki, mkono mmoja ukiwa kwenye kitabu na mwingine kwenye blanketi, na Malcolm amefumba macho, na kila alipodhani amelala akanyamaza, sauti ilitoka pale kwenye mto, "Endelea," na wauguzi wakaanza kujichelewesha na dawa zao ili wajue kama Araminta atakamatwa, na cha nne hawakukimaliza, Malcolm aliondoka kabla ya dansi kubwa ya barafu, na asubuhi ya mazishi Glenda alikaa ukingoni mwa kitanda, nguo nyeusi tayari mwilini, akasoma dansi ile yote kwa sauti, chumba kitupu, kisha akafunga kitabu, akaenda kumzika mume wake akiwa ameweza kusimama, na nani mwingine alimwezesha kusimama siku ile, kasisi? kasisi alikosea jina... shukrani nyingine haziwezi kutolewa kwa mtu kwa sababu mtu mwenyewe hajui alichokufanyia, unazibeba tu.

"Sikiliza, Gerald anakwenda kubadilisha hatua," anasema Beryl, na kweli Gerald, mwenye kipaza sauti na soksi ndefu nyeupe zilizomshinda, anapaza sauti juu ya fidla na kodiani, "Na sasa mabibi, mkono wa kushoto! Siyo wa kulia, wa kushoto!" na mstari mzima unalipuka, wanawake wanapiga mayowe, mikono ya kushoto juu, glavu nyeupe juu kila mahali, mtu anapiga kelele, "Kama Araminta!" na mwingine, "Mvueni Gerald glavu!" na Gerald anainama kwa heshima, kisoksi kimoja kimeshuka kifundoni, na Glenda naye anacheka, anacheka sana, anacheka kwa sauti kuliko wote, halafu anaona, kule pembeni ya doa, Pauline amemtazama yeye, na Pauline ameacha kucheka ghafla kama mtu aliyefunga bomba. Kwa nini kushoto. Glenda bado anacheka mdomoni lakini akili imesimama, kwa nini wa kushoto, Araminta na glavu ya kushoto ni nini, kila mtu aliyesoma vitabu hivi anajua sheria, mabibi wa Pendlecote wanazaliwa na barafu mikononi na serikali inawalazimisha kuvaa glavu, na bibi akiombwa ndoa huvua moja, ya kulia nimekubali, ya kushoto nimekukataa, zote mbili basi ni vita, kwa hiyo Araminta mwishoni amevua ya... na hapo joto linampanda Glenda kutoka miguuni mpaka masikioni, kwa sababu anakumbuka Jumanne ile ya Oktoba, kikundi chote mezani, yeye hajasoma hata sura moja lakini anamjua mwandishi kama anavyolijua jiko lake, alijua lazima Araminta atamkubali Bwana Garrow, hakuna njia nyingine, na yeye, Glenda Sugden, mwanzilishi, akaweka mkono kifuani akasema, nililia, jamani, alipovua ile glavu ya kulia nililia kama mtoto... na kukawa kimya. Kidogo tu. Na Pauline akasema, "Nani chai?"

Nani chai! Na yeye akadhani amepita salama! Wanawake hawa, wanawake hawa ambao walibishana alasiri nzima, chai ikapoa, juu ya utepe wa Araminta kama ni wa kijivu au wa rangi ya njiwa, ambao walimwandikia mwandishi kuhusu farasi, ambao hawawezi kumwachia mtu hata koma, wakasikia glavu ya kulia na hakuna aliyefungua kinywa, hata mmoja, hata Beryl, hata Beryl! na Beryl angemsahihisha maiti kwenye jeneza lake, kwa hiyo wanajua, wote, wanajua tangu Oktoba, wamekuwa wakimtazama akitia chumvi na kutikisa kichwa na kusema eh, eh, sura ile nzito sana, Mungu wangu, afadhali ardhi ya kanisa ipasuke, ndiyo hivyo basi, ndiyo mwanzo wa vikombe, watamwambia njoo tu mpenzi... lakini ngoja. Ngoja. Jumanne iliyofuata ndipo Pauline alipokuja na lile wazo lake, eti wafanye kama enzi zile, mmoja asome kwa sauti wengine washone, na Glenda akaliona ni wazimu wa Pauline tu, kama ule wa kofia, na aliyeunga mkono kwanza alikuwa Beryl, ambaye hapendi kusomewa hata risala ya harusi, ambaye hawezi kushona kifungo, na amekuwa akija na kitambaa kile kile kila wiki akikidungadunga kama anakiadhibu... na simu za asubuhi. Simu za Beryl. Kila siku kabla ya chai ya pili, wifi, hebu sikia upuuzi huu wa sura ya tano, na anausimulia upuuzi wenyewe wote, nani aliingia, alivaa nini, alisema nini, mpaka mvua ilinyesha vipi, akilaani kila mstari, na Glenda akishika simu alikuwa akiwaza, masikini Beryl, upweke unamsumbua, ngoja nimvumilie. Ngoja nimvumilie! Na yeye sura tano zote zimo kichwani, anaziona, anaona taa na vumbi na uso wa Garrow, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza zimeingiaje.

Anatamani kukasirika. Anatafuta hasira pale inapokaa siku zote na haipati, anapata kiti cha plastiki, na blanketi, na sauti yake mwenyewe imekauka na Malcolm akisema endelea, na je, alimwonea huruma Malcolm alipomsomea? hapana, jamani, hapana, alikuwa akiharakisha kupanda ngazi zile, alikuwa akikasirika daktari akiingia katikati ya sura, zile ndizo alasiri nzuri kuliko zote alizowahi kukaa na mume wake, na alizipata yeye, yeye msomaji, Malcolm alilala tu pale na kumpa, na Malcolm hakuwahi kusema samahani nakusumbua, mwanaume mwenye kiburi kama yule, alifumba macho akapokea, na ilimgharimu kiasi gani, hakuwahi kuuliza... "Umenyamaza," anasema Beryl. "Nawaza." "Basi wacha, zamu yetu inakuja, utanikanyaga tena." "Beryl." "Nini." "Kitabu cha saba sijakisoma." Fidla inapanda, kodiani inaifuata, Beryl anatazama mbele, wenzao wanakuja kwenye mstari jozi baada ya jozi. "Najua," anasema Beryl. "Siwezi kukisoma. Macho yangu, hapa katikati..." "Najua, Glenda." Hakusema wifi. "Mmejua tangu ile glavu." "Pauline alitaka kukuambia pale pale, nikamkanyaga chini ya meza, mpaka leo anasema kidole hakijapona." "Kwa hiyo mlikula njama." "Tulikaa kwenye gari lake, mvua kama hii, tukagombana." "Mligombana nini?" "Nani akusomee, nini tena! Pauline eti ana sauti, nikamwambia sauti ya kuuzia dawa ya kikohozi, huyu ni mke wa kaka yangu, akanuna wiki nzima," na Beryl anautengeneza utepe wake ambao haujalegea, "na wewe kwenye simu unanijibu ehe, ehe, kama unamsikiliza mtu wa bima."

Glenda anataka kusema asante lakini neno lenyewe ni dogo mno, ni neno la kupewa chumvi mezani, na macho yake, haya haya mabovu, yanamwagika, na anayaacha, na anamgeukia Beryl, anamtazama sikioni ili auone uso, na uso ule mrefu wa kina Sugden, kidevu cha Malcolm, unakodoa mbele kama askari wa zamu, umeiva wekundu. "Kwa nini ya kushoto?" anauliza. "Eh?" "Araminta. Kwa nini avue ya kushoto na amempenda? Nimekuwa nikikisia tangu Oktoba, Beryl, nimechoka kukisia, niambie." "Nikuambie au nikusomee?" "Niambie sasa. Jumatatu uje unisomee kwangu, tangu mwanzo, na usiruke maelezo ya hali ya hewa." "Hali ya hewa yake haina kichwa wala miguu." "Usiruke." Gerald anapaza sauti, wawili wa mwisho, badilishaneni upande, ingieni, na jozi ya mbele yao imeshafika, mikono imenyooshwa, inangoja, "Beryl! Glenda! Ninyi wa mwisho!" na Beryl anawainulia kiganja bila kuwatazama, "Subirini, tuna mazungumzo," na anamshika Glenda kiwiko. "Haya. Bwana Garrow ameingia, amelowa chapachapa, na kofia hana, sijui kofia ilikwendaje, mwandishi hasemi. Araminta yuko dirishani. Sasa, wewe unadhani ule mkono wa kulia bado una barafu, si ndiyo?" "Hauna?" "Tulia basi, nitakufikisha," anasema Beryl, na wimbo unaanza mzunguko mwingine bila wao, na Glenda anasogea karibu zaidi apate kusikia.